Robo Saa ya Jua

"Hukumeza." Muuguzi Monire aliigonga karatasi ya majibu ya damu kwa kalamu yake. "Wiki kumi na mbili nakuletea kidonge hadi mkononi, na vitamini D yako iko palepale chini. Usinifanye mjinga, mdogo wangu."

Shokufe hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kufunga fundo, kukata uzi, kufunga jingine. Katika karakana hiyo ya chini ya ardhi mjini Kashan, Iran, wasichana tisa walisuka mazulia chini ya taa za umeme tangu alfajiri hadi magharibi.

Zahanati ilikuwa inafanya utafiti wa kujua kama vidonge vile vingeziweka sawa homoni za wasichana wasioliona jua. Shokufe alijiandikisha wa kwanza. Huu ulikuwa mwezi wa tano hajaona siku zake, nyonga zilimuuma kama za kikongwe, na harusi yake ilikuwa baada ya Ramadhani. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

"Nilimpa mama," alisema hatimaye.

"Vyote?"

"Niliviweka kwenye sinia ya chai. Nitamezaje dawa peke yangu mbele ya mama mwenye magoti mabovu? Nilimkaribisha tu, kwa adabu. Akakataa mara tatu, kama desturi."

"Na ya nne?"

"Akameza. Kila Ijumaa."

Nosrat, aliyeketi naye ubao mmoja, akaangua kicheko. "Basi mamako ndiye atakayeolewa!"

Monire hakucheka. Akalipiga mstari jina la Shokufe. "Nimekutoa, vidonge ndiyo basi tena. Tafuta jua. Robo saa, adhuhuri, mikono wazi. Nyuma ya kioo haisaidii kitu."

Bwana Heydar, mwenye karakana, alikuwa akishuka ngazi. Shokufe akakusanya ujasiri wote aliokuwa nao.

"Bwana, tunaomba robo saa uani. Adhuhuri tu."

"Uani? Kwa vijana wangu wanaoosha mazulia? Mnataka kunivua nguo mbele ya mji mzima!" Akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichouma. "Mamangu alisuka humu humu miaka arubaini na akazaa saba. Nyinyi wa siku hizi mmeumbwa kwa sukari?"

"Na alikufa amepinda kama mundu," Nosrat alinong'ona.

Bwana Heydar hakusikia. Alikuwa amekwisha kuwageukia vijana wake mlangoni. "Lile zulia la juzi lipandisheni juu ya paa. Liacheni juani wiki nzima, rangi zipate kutulia."

Wiki nzima! Shokufe alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Zulia lile alilisuka yeye, miezi kumi na minne, mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Zulia halikuwa na mfupa wala tumbo la uzazi, halikuomba, na lilipewa jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Yeye aliomba robo saa akachekwa. Dunia gani hii, kitambaa kinathaminiwa kuliko mtu aliyekisuka?

Adhana ya adhuhuri ilipolia, wanaume wakaenda msikitini. Shokufe akaweka kisu chini.

"Wapi wewe?" Nosrat aliuliza.

"Kwenye zulia langu."

Paa lilizungukwa na ukuta mrefu kuliko mtu. Hakuna jirani aliyeweza kuchungulia. Alivua mtandio, akakunja mikono ya gauni hadi mabegani, akajilaza katikati ya maua aliyoyafunga mwenyewe. Jua likamchoma, naye akaliacha limchome. Nosrat akafuata, halafu wengine wote, wakipigana viwiko kugombea nafasi.

Bwana Heydar alirudi akakuta vitanda vya kusukia vimenyamaza na vicheko viko juu. Akazipanda ngazi kwa ghadhabu, mbili mbili. Karibu na mlango wa paa miguu ikamgoma. Mwanamume mwenye heshima zake hapandi walipo wanawake waliovua mitandio mpaka ajitangaze, nao wamjibu.

"Ya Allah!" aliita.

Juu pakawa kimya.

"Ya Allah! Napanda!"

Nosrat akajiziba mdomo kwa kiganja. Shokufe, macho kayafumba, akaigeuza mikono yake polepole ili jua lipate upande wa pili.

"Ya Allah!" sauti iliita tena kutoka ngazini, safari hii kama ya mtu anayeomba.