Mbuzi wa Sehemu ya Mwisho

Msinicheke. Niliipenda tamthilia ya YouTube mpaka nikakosa usingizi, na mchumba wangu ndiye aliyekuwa akiigiza ndani yake.

Ilitokana na riwaya tuliyoisoma shuleni: karani wa reli wa Lubudi na binti wa mchimba shaba wanapendana, wazazi wanakataa, kijana anapanda treni na harudi tena. Kitabu kirefu, cha kizamani, mimi nilikisinzilia. Kisha Rémy, jirani yetu hapa Kapata, kitongoji cha wachimba shaba, akakichukua na kukifanya cha leo. Karani akawa dereva wa lori huko kwenye mgodi wa Mashamba. Barua zikawa sauti za WhatsApp. Alirekodi kwa simu, mbele ya nyumba hizi hizi tulizozaliwa ndani yake, na kila Jumamosi alitoa sehemu mpya.

Gradi wangu alipewa nafasi ya dereva kwa sababu ni dereva kweli na ana sauti nzuri. Alikuwa ameshakuja kwetu kujitambulisha, baba akampokea na bia. Kilichobaki kilikuwa mahari tu. Binti akawa Shekina, muuza mitumba sokoni, msichana ambaye akitazama kamera unajisikia anakutazama wewe. Mimi sura yangu si ya kamera. Rémy aliniambia hivyo bila kuuma maneno, basi nikawa mpishi wa kikundi.

Wivu? Ningekuwa na wivu ningepona. Niliwapenda wale wawili! Gradi wa kwenye simu alisema maneno ambayo Gradi wa kwetu hajawahi kuyasema, na mimi, badala ya kujiuliza, nilifurahi kuona kumbe anayaweza. Sehemu ile ya mvua, pale dereva anapovua koti na kumfunika binti, niliirudia mpaka bando likaisha. Wanawake wa saluni walinisema.

"Naomie, hauogope? Ule ni bwana yako!"

Nikawajibu kwamba hawajui sanaa. Kichwa kilikuwa kimenivimba.

Kitabuni wanaachana, na Rémy alitaka kufuata kitabu. Nikamwandama: jikoni, njiani, hata mlangoni mwa kanisa baada ya misa. "Rémy, bale batu balisha kuteseka sana. Ubaoeshe!" Watazamaji nao waliandika vivyo hivyo, na baadhi ya watazamaji hao walikuwa mimi kwa majina ya bandia. Mwishowe akasalimu amri. Wataoana.

Sasa Rémy akitaka jambo, analitaka la kweli. Shekina na Gradi wote ni watu wa Kasai, babu zao waliletwa kufanya kazi migodini. Basi mahari yapelekwe Kikasai, watu wa Mbuji-Mayi, huko Kasai kwenyewe, wasije wakatucheka. Mama Mushiya, mama yake Shekina, alikataa binti yake atolewe mahari mbele ya mama wa kuigiza, akasema atacheza mwenyewe. Tata Mpoyi, mjomba wa Gradi, akaja na suti yake. Akaletwa mbuzi mzima, na kamba shingoni.

Watu wa Kasai, kwenye mahari, wana mbuzi wa mama wa binti. Wanamwita wa mgongo, kwa kuwa mgongo wa mama ndio uliombeba mtoto. Sisi kwetu tunatoka kaskazini ya Katanga, sikuyajua hayo; mimi niliona mbuzi. Gradi alimkabidhi mama Mushiya ile kamba kwa mikono miwili, naye akaipokea. Rémy akapiga kelele "Coupez!", kwamba kamera izimwe, watu wakapiga makofi, na kwa vile tulikuwa na njaa tangu asubuhi, mbuzi akachinjwa. Nikampika mimi. Mama Mushiya nilimchagulia nyama laini, kwa heshima, akala mpaka sahani ikabaki tupu.

"Naomie, unapika muzuri," aliniambia.

Siku chache baadaye tata Mpoyi alikuja kwetu akakaa ukingoni mwa kiti. Baba akamuuliza mahari yanaletwa lini.

"Njo kile kinanileta, tata. Iko mambo. Mama Mushiya alikula mbuzi. Kwetu, mama akisha kukula mbuzi ya mugongo, mutoto yake iko bibi ya mutu. Anasema Shekina hataenda tena ku bwana mwengine."

"Mais... lakini ilikuwa film!" Baba akapiga meza.

"Mi pia nilisema vile. Bazee banasema mbuzi haijue film."

Nilitaka kucheka. Nikauliza kama hakuna njia ya kulifungua jambo hilo.

"Iko," akasema tata Mpoyi. "Gradi akuje mbele ya bazee, aseme hakuoa, atoe mbuzi ingine. Bitaisha."

"Na Gradi anasema nini?" nikauliza.

Akainama. "Umuulize mwenyewe, mama."

Nilimkuta nje ya nyumba yao, akiziba tairi la pikipiki ya kaka yake. Nilikuwa na haraka, maneno yote nilishayapanga njiani.

"Gradi, mbuzi tuko nayo, baba anatoa yake. Kesho tunaenda kwa bazee, unasema haukuoa, inaisha."

Aliendelea kupangusa lile tairi, na hapo ndipo nilipokumbuka kwao ni wapi.

"We ni mutu ya Kasai," nikasema. "Ulijua ile kamba ni kitu gani?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nipike?"

Akaweka tairi chini, akasimama. "Sikupanga, Naomie. Mais wakati mama Mushiya alishika ile kamba, mi nilifurahi. Sitake kurudisha mbuzi. Unisamehe."

Aliyasema polepole, akinitazama usoni, kwa ile sauti yake ya kwenye simu. Miezi yote ile nilikuwa nikingoja aniongeleshe hivyo. Nilirudi nyumbani nikilia hadharani, na walionikuta njiani walidhani nimefiwa.

Jumamosi sehemu ya mwisho ikatoka. Niliapa sitaitazama, kisha nikajifungia jikoni nikaitazama. Wakapita mbele yangu Gradi na kamba yake, mama Mushiya akinyoosha mikono, Shekina akiinamisha uso ili asionekane anavyotabasamu. Pembeni unaonekana mkono wangu ukipanga sahani tupu. Gradi akamgeukia Shekina, na mimi nikaruka kutoka kwenye kiti, nikapiga vigelegele peke yangu, machozi ya furaha yakinitoka: wameoana, jamani, mwishowe wameoana! Nilipiga vigelegele mpaka pumzi ikaniishia, ndipo nikakumbuka yule mwanamume ni nani.