Ukurasa wa Kisima

Wewe umewahi kuitwa utoe maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa? Basi Akidor aliitwa, mwaka ule wa 2012. Alitoka Kakuma alfajiri, akafika Lodwar na vumbi hadi kwenye kope, maana kamati ya Bunge ilikuwa inasikiliza wananchi kuhusu mkopo wa barabara kutoka benki moja kubwa ya ng'ambo.

Barabara yenyewe hakuipinga. Ila wapima ardhi walikuwa wamepigilia vigingi vyekundu kukizunguka kisima chake kwenye laga, ule mto mkavu. Kisima chenye kina cha wanawake wanne kupokezana karai. Daraja la barabara hiyo lingekifukia. Alitaka kujua mkataba wa mkopo unasemaje.

Saa nne ikapita, saa sita nayo. Waliosikilizwa ni wale walioleta maoni yaliyopigwa chapa, tena kwa Kiingereza.

"Mama, memoranda yako iko wapi?" akauliza Jelagat, karani wa kamati.

"Iko mdomoni."

Watu wakacheka. Jelagat hakucheka. "Ndege ya kamati inaondoka saa tisa. Una dakika mbili."

Akidor akasimama, akajifunga shuka lake upya, pole pole, dakika ni zake, akasalimu kwa Kiturkana. "Ejoka, waheshimiwa. Nisomeeni ukurasa wa kisima changu."

Mheshimiwa Njenga, mwenyekiti, akafunua karatasi zilizokuwa mbele yake. Zilikuwa nne tu. Akazifunua tena, mbele na nyuma.

"Shosho," akamwita, yaani nyanya, "huu ni muhtasari."

"Na mkataba wenyewe?"

"Uko wizarani, umekwisha kutiwa sahihi."

"Walitia sahihi lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Sasa mwanangu, mimi nimekuja kutoa maoni. Wewe umekuja kufanya nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko, hata askari wa mlangoni akageukia ukutani. Jelagat akagonga meza. "Mama, muda wako umeisha!"

"Sijajibiwa, umeisha vipi?" Akidor hakuketi.

Karani akamwinamia mwenyekiti. "Mheshimiwa, ndege."

"Ingoje." Njenga akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Andika, Jelagat, na uandike kwa jina langu. Nilitaka kuusoma mkataba huo kabla haujatiwa sahihi. Nimeuomba kwa barua mara tatu. Nilitaka watu wa benki waketi mbele yetu, tuwaulize kama huyu mama anavyoniuliza mimi. Shosho, sijaonyeshwa hata ukurasa mmoja."