Akiba ya Kufilisika

Justa alimimina mchele kwenye ungo, akaupepeta, kisha akachota kiganja kimoja na kukirudisha kwenye ndoo. Akautazama uliobaki. Akachota tena.

"Mama, hapo unapika au unaionjesha sufuria?" Luciana aliuliza. Alikuwa amekaa kizingitini na sare ya darasa la sita, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Kachume matembele."

"Yamebaki mashina."

"Basi yachemke mashina."

Sukari ndiyo iliyoanza kuhama nyumba ile. Mafuta ya kula yakafuata, na sabuni ikawa inakatwa kwa uzi, kipande chembamba mpaka kikipigwa mwanga kinaonyesha upande wa pili. Kila kilichopunguzwa Justa alikigeuza kuwa noti chakavu na sarafu, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Mtu angemwona angedhani anadunduliza alipe deni. Deni lilikuwa limeshapita mambo ya kudunduliza. Justa alikuwa anaweka akiba ya kufilisika.

Habari yenyewe aliipata kwenye redio ya jirani, kipindi cha sheria, betri zikiwa zinakata. Mwanasheria alisema mtu aliyelemewa na madeni anaweza kwenda mahakamani akatangazwa rasmi kwamba amefilisika. Akishatangazwa, wadai hawamkimbilii tena kila mmoja na kamba yake. Mahakama ndiyo inayosema kipi kichukuliwe na kipi kiachwe. Alilitaja na jina analoitwa mtu huyo. Redio ikakoroma. Justa akalidaka jina hilo lilivyomfikia: mfilisi.

Alichotaka mahakama imwachie ni kitu kimoja tu, shamba la marehemu baba yake, hapo hapo kijijini Namawala, bonde jeusi la mpunga. Miaka ya nyuma wanakijiji walipimiwa mashamba, wakapewa hati za kimila, wakapigwa picha wameziinua juu kama wahitimu. Waliambiwa kuanzia leo mkulima naye ana kitu cha kuweka mezani akitaka mkopo. Justa akakiweka. Alikopa za kukodi trekta na za dawa ya magugu, mpunga ukatoka mzuri wa kutamanisha, mto ukafurika ukaulaza wote kwenye matope. Deus, mume wake, akasema anakwenda kwenye kambi za wavuvi kutafuta chochote. Alichokipata, upande wa Mlimba, ni mwanamke mwingine, akazaa naye. Deni likabaki na Justa, na riba yake ikawa haijui kulala.

Mikopo ile watu waliiita kausha damu. Marejesho yalikuwa Alhamisi, kibarazani kwa Bibiana, mwenyekiti wa kikundi chao cha Tushikamane. Kikundi maana yake ni hivi: mmoja akikosa, wenzake wanamchangia, wakichoka kumchangia, wao wenyewe wanakwenda kumtolea vyombo nje. Kampuni haikuwa na haja ya kutuma wababe. Iliwatumia mashoga.

"Shikamooni mama zangu," Obed alisema Alhamisi ile akishuka kwenye pikipiki. Alikuwa kijana mdogo, afisa mikopo, mwenye adabu ya kutisha. Hakuna mwanamke pale aliyepata kumsikia akipaza sauti.

"Marahaba, baba."

"Nani hana?"

Macho yote yakaenda sehemu moja.

"Mama Luciana," Obed alisema kwa upole. "Tena?"

"Nipe mpaka nipande, mwanangu. Mvua ya kupandia ikishuka tu."

"Upande kwenye shamba gani?"

Mwanamke mmoja akacheka. Wengine nao wakacheka, hicho kicheko cha mtu anayefurahi kwamba fimbo imemkosa. Obed hakucheka. Alimweleza taratibu, kama anayemwelekeza bibi yake dawa, kwamba kuna tajiri wa mjini ameshakuja kuliona lile bonde, amelipenda, na kwamba hati ikiuzwa kabla ya mvua inapata bei nzuri kuliko baada.

"Kwa faida yako, mama. Sisi hatupendi umaskini."

Jumamosi asubuhi, pampu ya maji. Bibiana alikuwa anapampu, Justa anasubiri. Walikuwa wamekua pamoja hao, walipata kipaimara siku moja, na msimu ule wa mafuriko waliokoa magunia ya mmoja kwa mtumbwi wa mwenzake.

"Bibiana, usinichangie tena," Justa alisema. "Jumatatu nakwenda Ifakara, mahakamani. Nakwenda kuandikwa mfilisi."

Mkono wa pampu ukasimama. "Mfilisi? Wewe?"

"Mimi. Nimechoka kuonewa."

"Na sisi wenzako?"

"Nanyi zamu yenu ikifika mtanielewa."

Alisema kwa moyo mweupe. Alimaanisha kwamba njia akishaifungua yeye, na wao wataipita. Lakini Namawala mfilisi alikuwa mtu mmoja tu: yule anayekuja na pikapu ya kampuni, anahesabu mabati ya nyumba kwa kidole kabla hajasema hodi. Na Justa alikuwa anajua vyombo vya nani vimefichwa wapi. Wote walikuwa wanajua, maana walifichiana. Magodoro yalipandishwa kwenye madungu, vile vibanda vya miti mirefu shambani vya kuvizia ndege. Sola zilichimbiwa kwenye pumba za mpunga. Cherehani ya Bibiana, aliyoinunua kwa jasho la miaka, ilikuwa kwa mama yake, Bibi Yosefina, uvunguni mwa kitanda, kwa sababu kikongwe yule hakuwahi kukopa hata chumvi na hakuna afisa mikopo aliyekuwa na sababu ya kuingia kwake.

Bibiana alijitwisha ndoo kabla haijajaa. Hakuaga.

Jumapili, kanisani, benchi la Justa lilikuwa na nafasi ya watu watatu. Alidhani ni aibu ya deni. Alishaizoea.

Jumatatu akapanda bodaboda mishikaki, yeye wa tatu, mguu mmoja unaungua kwenye bomba la moshi mpaka Ifakara. Karani wa mahakama aliitwa Pantaleo. Jina lilikuwa mezani kwake, limeandikwa kwenye kibao. Alimsikiliza bila kuacha kula karanga.

"Nataka kuandikwa mfilisi, mheshimiwa."

Karani akaacha kutafuna. Akageuka kwa mwenzake wa meza ya pili. "Umemsikia mama huyu? Anataka ufilisi." Kisha akamrudia. "Una kampuni? Una leseni? Unataka kumfilisi nani?"

"Nifilisiwe mimi."

"Ahaa. Mama'ngu, huyo ni *mufilisi*. Mfilisi ndiye anayekula. Mufilisi ndiye anayeliwa. Umekuja kuomba meno, kumbe wewe ni nyama." Mwenzake alicheka mpaka akafuta macho.

"Basi niandike hiyo ya u."

"Siyo hapa. Hiyo inapelekwa Mahakama Kuu. Unaandikiwa na wakili, unalipa ada, unaweka na amana." Aliangalia pindo la kanga, lile fundo ambalo Justa alikuwa ameanza kulifungua. "Hiyo uliyofunga hapo haimnunulii wakili hata soda. Kufilisika kunataka mtu mwenye uwezo, mama. Nenda kalipe deni la watu."

Nje, Justa alisimama kwenye jua akiwa ameshika fundo. Matembele ya mashina, vile viganja vya mchele alivyokuwa akivirudisha, mwanawe anayelala akisikiliza tumbo. Akanunua mkate wa Luciana. Mkate mzima. Iliyobaki ikawa nauli.

Aliporudi, alianza kuona mlango wa nyumba yake. Ulikuwa unatembea. Wanawake wawili walikuwa wameubeba, mmoja mbele mmoja nyuma, wanateremka nao njia ya shuleni. Nyumba ilikuwa wazi kama kinywa cha mtu aliyelala. Jiko la nje halikuwa na bati. Uani kulikuwa na ndoo ya mchele, sufuria zote, godoro, jembe, hata ule ungo, vimepangwa kwa utaratibu kama vinauzwa mnadani. Luciana alikuwa amesimama katikati na daftari zake kifuani. Hakuwa analia. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, wanawake waliomfunga mbeleko utotoni.

"Bibiana," Justa alisema. "Ni nini hiki?"

"Tumekuwahi."

"Mmeniwahi wapi?"

"Unadhani sisi wajinga? Ulisema kwa kinywa chako. Jumatatu unaandikwa mfilisi, na zamu yetu ikifika tutakuelewa. Haya, tumeelewa mapema." Jasho lilimchuruzika Bibiana kidevuni. "Nilikufichia godoro lako mara ngapi, Justa? Nilisema uongo kwa Obed mara ngapi kwa ajili yako? Halafu unakwenda kuajiriwa kutufilisi sisi!"

"Siyo mfilisi! Nilikosea kusema. Ni mufilisi. Ina u hapo katikati! Mufilisi ni anayefilisiwa!"

Wanawake wakaangaliana.

"Hebu msikieni," mmoja akasema. "Kaenda mjini siku moja, karudi na irabu."

"Kama ni kufilisiwa, si sisi tumekufilisi bure," mwingine akadakia. "Nauli ulikwenda kuipoteza ya nini?"

Wakacheka. Bibiana peke yake hakucheka. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali, na Justa akaona kwamba ameelewa. Ameelewa kila kitu. Bibiana alitazama vyombo pale chini. Alitazama njia ambako mlango ulikuwa umeshapotea. Kisha akainama akachukua ndoo ya mchele.

"Hata hivyo deni ni deni," alisema, akaondoka nayo.

Pikapu ilifika jua likiwa limeanza kulainika. Mashimba, dereva wa kampuni, alishuka akaanza kupakia bila kuuliza. Kikundi kilikuwa kimeshaipigia kampuni simu. Obed alimwamkia Justa, akachutama mbele yake, maana Justa alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na mwanawe wanakula mkate mkavu.

"Pole sana, mama. Nimesikia yote. Hata mimi nimeumia."

Justa alitafuna.

"Hivi vyote havifiki hata nusu ya riba. Nakwambia ukweli kwa sababu nakuheshimu kama mama yangu. Shamba linaondoka wiki hii." Akaokota kijiti, akawa anachora chora mchangani. "Lakini nimekuwa nafikiri. Kijiji kizima kina deni, na kila nyumba nikiingia nakuta mkeka na kuku mmoja. Hawa mama zangu wana vitu. Vimekwenda wapi? Mimi mgeni, sijui. Wao wenyewe wameshakupa hilo jina la mfilisi, mama. Jina umeshalipata, na chuki yake umeshaipata. Kilichobaki ni malipo yake tu."

"Malipo gani?"

"Hati. Naitoa kwenye kabati nakukabidhi mkononi. Unapanda mwaka huu."

Luciana aliacha kula. Justa aliutazama mkono wa yule kijana, kucha safi, kijiti kikienda na kurudi. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa milima ya Udzungwa, meusi kwa chini. Wiki moja mpaka mvua. Wiki mbili zikizidi sana.

"Na hawa wakijua?"

"Wanajua tayari," Obed alisema. "Ndiyo maana huna mlango."

Justa alimwambia Luciana amsubiri pale pale. Pikapu haikuwa na nafasi mbele; akapanda nyuma, akakaa juu ya godoro lake mwenyewe, na gari likaondoka. Alipotaka lipinde aligonga bodi kwa kiganja. Mashimba alipinda alipogongewa, akasimama alipogongewa.

Bibi Yosefina alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, anachambua dagaa kwa vidole. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu zamani. Alisikia injini, akasikia hatua, akainua kichwa na uso ukafunguka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya Justa hiyo! Umeacha kuja siku hizi, kuna nini? Nawe umekuja na wageni?"

"Ndiyo, bibi."

"Wakaribishe ndani, wasisimame kwenye jua. Nyumba ni yao." Alikuwa ameshaanza kuinuka, anapapasa dumu la maji pembeni yake. "Wewe njoo kwanza unawe, ugali upo, wa mchana lakini upo. Bibiana alikuja sasa hivi kaniletea na mchele, ndoo nzima, sijui kautoa wapi mwaka huu. Tutaupika kesho. Lete mikono."

Mashimba na Obed waliinama wakapita mlangoni. Justa alibaki amesimama. Kisha, kwa kuwa kikongwe alikuwa ameinua dumu na mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa uzito, akachutama, akanyoosha viganja. Maji yakaanza kushuka, ya baridi, kidogo kidogo, na Bibi Yosefina akawa anamwuliza habari za mtoto, anaendeleaje na shule. Ndani, kitanda kilisikika kikisogezwa.

"Ongeza, bibi," Justa alisema.

"Bado hayajatoka tu hayo matope?" Kikongwe akacheka, akaongeza.