Upande Mzuri wa Mama

Mji mzima ulikuwa na upande mzuri, na aliyeugundua ni Bwana Picha. Ukikaa kwenye kigoda chake, mbele ya pazia la kijivu, alikwambia, “Geuka kidogo. Tena. Hapo hapo. Nipe upande mzuri.” Shavu la kushoto likapokea mwanga wa dirisha, la kulia likazama kivulini. Maharusi, walimu wakuu, hata vibogoyo, wote walitoka mle wamependeza kuliko walivyoingia.

Pozi hiyo ilianzia kwa mkewe. Picha yake ilikaa dirishani mwa studio miaka thelathini na minne: shingo ndefu, kope zimeshuka kidogo, midomo ya mtu aliyetaka kusema neno akaahirisha. Wapita njia walisimama kuitazama. Na palikuwa na utani usiozeeka: “Bwana Picha, mkeo umempiga, ukampiga kweli!” Watu wakacheka. Mama naye alicheka, kitambaa cha vumbi mkononi.

Binti yao mkubwa, ambaye sasa ndiye mwenye studio na ambaye mji unamwita Dada Picha, hakuwahi kuucheka utani ule.

Siku picha ile ilipopigwa alikuwa na miaka minane. Asubuhi kikombe kilivunjika jikoni, na baada ya kikombe ikasikika sauti nyingine, fupi, halafu kimya. Kabla ya saa nne baba aliwapeleka mama na binti studio. Akampa binti shuka jeupe alishike ili lirudishe mwanga. Mama akakaa. Jicho lake la kulia lilikuwa limevimba hadi likafumba. Baba akazunguka kigoda, akatazama, akazunguka tena, kama seremala anayepima ubao wenye ufa.

“Geuka,” akasema, kwa upole ambao binti hakuwahi kuusikia nyumbani. “Nipe upande mzuri.”

Baba alikufa miaka sita iliyopita, akasifiwa siku tatu mfululizo. Jumanne hii mama naye akaondoka. Mazishi yakapangwa Alhamisi.

Jumatano, mdogo wake wa kiume alipita studio, macho mekundu. “Dada, ile ya dirishani ikuzwe. Tuiweke karibu na jeneza.”

“Nitaona.”

“Uone nini tena? Kwani kuna nyingine?”

Kweli haikuwapo. Mama aliishi na mpiga picha maisha yake yote akiikwepa kamera. Uso ambao watu wangemkumbuka nao ungekuwa huo mmoja, nusu uso.

Mdogo wake alipokwenda kushughulikia viti, Dada Picha alifungua kopo la negativu. Ndani ya bahasha iliyoandikwa “Mke wangu” kwa mwandiko safi, zilikuwamo mbili. Ya kwanza aliijua. Ya pili aliinyanyua dirishani. Mama alikuwa ametazama mbele moja kwa moja. Na kwa kuwa kwenye negativu cheusi huwa cheupe, pale palipoumia paling'aa, kama taa iliyowashwa ndani ya shavu. Juu yake palikuwa na vistari vya penseli. Baba alianza kulificha jeraha kwa penseli, kama alivyoficha makovu ya wateja, akaachia njiani.

Akaingia chumba cha giza kuzisafisha zote mbili. Ya pili ilipolala ndani ya dawa, chini ya taa nyekundu, likaja pazia kwanza, kisha shingo, kisha jicho. Kilichomshtua hakikuwa lile jeraha, hilo alilijua. Ni uzuri. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizopiga baba. Jicho lililobaki lilimtazama mpigaji bila kumwomba kitu. Alitamani iwe mbaya, aichane. Lakini mkono wake, mkono aliofundishwa na baba, uliendelea kulitikisa sinia taratibu, na akajisikia akinong'ona, “Hapo hapo.”

Mdogo wake aliporudi, alikuta picha mbili zinaning'inia. Akaisogelea ile ya pili.

“Alianguka?”

“Wewe ulikuwa hujazaliwa.”

“Nimeuliza, alianguka?”

“Hapana.”

Akakaa kwenye kigoda. “Nilipougua, baba ndiye aliyekuwa akiniosha miguu. Baba huyo huyo.”

“Najua. Huyo huyo.”

“Basi hii ibaki humu, dada. Nakusihi. Tuweke ile nzuri.”

“Ile nzuri nayo ni ya asubuhi hiyo hiyo. Njoo nikuonyeshe kitu.”

Akampeleka dirishani, akaigeuza fremu ndani. Kioo cha fremu kilikuwa kimefifia kwa jua na vumbi, isipokuwa upande mmoja. Upande wa kivuli kilikuwa safi kabisa, kimesuguliwa miaka na miaka. Mama hakuwa akifuta picha. Alikuwa akifuta giza lile tu.

Mdogo wake alipagusa kwa kidole, akakiondoa haraka.

“Ukitaka kazi ya baba,” Dada Picha akasema, “zote mbili ni kazi yake. Kuchagua moja siwezi.”

Alizibeba zote, zimetazamana, kama mtu aliyebeba kioo.

Alhamisi picha zilikaa bega kwa bega kando ya jeneza. Watu waliifikia ya kwanza wakatabasamu, wakaifikia ya pili wakanyamaza. Hakuna aliyetania. Mwanamke mmoja muuza vitambaa, ambaye baba alimpiga picha mara nne, alifunika shavu lake la kulia kwa kiganja, akapita.

Jumatatu studio ilifunguliwa. Mteja wa kwanza alikuwa msichana aliyetaka picha ya kuombea kazi. Akakaa. Yale maneno yakamjia Dada Picha kooni, pamoja na kikohozi kidogo cha baba kilichokuwa kikiyatangulia. Akayameza.

“Nitazame tu,” alisema.

Msichana akageuka mwenyewe, shavu la kushoto kwenye mwanga, la kulia gizani.

“Hapana, mbele.”

“Si ndivyo inavyokaa?” msichana akacheka. “Hata kwetu nyumbani tumepigwa hivi wote.”

Dada Picha akatazama ndani ya kamera. Mwanga ulikuwa umetua vizuri mno. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

“Geuka,” akasema. “Geuka huku kwangu.”

Akakiondoa kidole, akasubiri.