Kifuniko cha Nne

Duara lilikuwa bado lipo. Chaki ilishafifia na kutu imeila upande mmoja, lakini jicho lililoitazama alama ile kwa miaka ishirini na sita halikuhitaji miwani: duara la ukubwa wa sahani, na nukta katikati. Mwanamke yule alisimama mbele ya behewa kuukuu, mkoba kaukumbatia kifuani, akajikuta anatabasamu peke yake.

"Ndilo lenyewe?" binti yake aliuliza.

"Namba si unaiona? Mia nne na kumi na mbili. Hata nikiamshwa usingizini naitaja."

"Basi twende, Mama. Mzee anatungoja."

"Ngoja kwanza nipumue."

Alikuwa hajachoka. Alikuwa anaogopa, na binti yake, aliyekuwa mkaguzi wa breki katika reli hiyohiyo, alimjua mama yake vya kutosha asimharakishe.

Anayeikuta saruji dukani, imekaa kwenye mifuko kwa adabu zake, hajui ilikotoka wala jinsi ilivyosafiri. Zamani ilipakiwa kwenye mabehewa ya kawaida, ikamwagwa humo hivyohivyo bila mfuko, mbao zikapigiliwa milangoni isimwagike njiani. Ilipofika, wanaume waliingia na makoleo, vitambaa puani, wakatoka jioni weupe nyusi hadi unyayo. Baadaye yakaja mabehewa kama lile la mia nne na kumi na mbili, na watu wakaona wamepata ahueni. Juu ya paa lilikuwa na vifuniko sita vya kupakilia. Ndani, tumbo lake liliteremka na kuwa jembamba kama mdomo wa mrija, na chini kabisa palikuwa na milango. Ukiifungua milango ile juu ya shimo, saruji hujishukia yenyewe. Ikigoma, unagonga ubavu kwa nyundo ya mti mpaka ikubali. Adui wa kazi yote ile alikuwa mmoja tu, naye ni maji. Ndiyo maana kiwandani palikuwa na sheria isiyokuwa na maelezo: anayeacha kifuniko wazi harudi kesho.

Yeye alikuwa mfungaji wa vifuniko. Akishafunga vyote sita na kuyasukuma makomeo, alishuka na kuchora alama ya vema kwa chaki ubavuni mwa behewa. Mkuu wa treni akiiona, alipunga bendera. Mwisho wa reli, safari ya siku moja na nusu, mpakuaji alilimwaga behewa, akaligonga kuhakikisha halikubakiza kitu, kisha akachora alama yake ya kulirudisha. Wapakuaji wengine walichora msalaba au mstari. Huyu alichora duara na nukta. Hawakuwahi kuonana, wala kuandikiana barua. Yeye akamwita Duara, na wenzake kazini wakamwita yeye Vema, jina likamganda kuliko saruji yenyewe.

Mwaka wa kwanza wa kazi, binti akiwa na miezi mitano, Vema alijifunza ujanja mmoja mbaya. Alikuwa akichora alama kwanza, behewa likiwa bado linapakiwa, ili akimaliza juu asihangaike tena na chaki. Kwa wiki sita ujanja ule ulimwokolea dakika mbili mbili, naye akajiona hodari. Siku ya siku, kifuniko cha nne kikiwa bado wazi, alisikia mtoto analia kwenye chumba cha mlinzi alikokuwa akimwacha. Maziwa yakamtoka kabla hajafika kwenye ngazi. Akajiambia namnyonyesha mara moja, narudi. Aliporudi, reli ilikuwa tupu. Mkuu wa treni alikuwa ameiona alama, akaiamini.

Mvua ilinyesha alasiri ile kama iliyotumwa.

Siku tisa alikula bila kuonja. Mume alikwisha kwenda zake, na mama yake mzazi alimtegemea yeye. Siku ya kumi behewa likarudi. Ubavuni palikuwa na duara na nukta, safi kama kawaida, na kwenye karatasi ya safari pameandikwa: "Imepokelewa salama." Alipanda juu, akachungulia kifuniko cha nne. Kule ndani, kwenye chuma cha tumbo, aliona mikwaruzo myeupe, mamia kwa mamia. Ilikuwa mikwaruzo ya tindo. Mtu alikuwa ameingia mle ndani na kuichonga saruji iliyogeuka jiwe, kipande kwa kipande, kisha akaandika salama.

Vema alikaa juu ya paa akalia mpaka kamasi. Hakuwahi tena kuchora alama kabla ya wakati wake. Na tangu siku hiyo, kila behewa lililokwenda upande wa Duara alilichorea vema mbili badala ya moja. Hakuwa na njia nyingine ya kusema asante.

Sasa alikuwa mstaafu wa miaka mitatu. Mabehewa mapya ya mviringo yalishafika, yale yanayosukuma saruji kwa hewa hadi kwenye ghala bila koleo wala nyundo, na ya zamani yalikuwa yakipelekwa kukatwa vyuma chakavu. Binti yake ndiye aliyeleta habari mezani. "Mama, yule mtu wako wa chaki yupo hai. Anastaafu Ijumaa." Vema alikuwa anasugua sufuria, akaiacha kwenye maji. Kawia ufike, alijiambia, lakini asikawie hata Ijumaa ikapita.

Walimkuta kwenye kibanda kando ya shimo la kupakulia. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, ambaye nyusi zake zilikuwa na rangi ya kazi yake. Nyundo ya mti ilitundikwa ukutani juu ya birika.

"Shikamoo, mzee," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu." Alimgeuzia sikio la kulia, la kushoto nyundo zilishalimaliza. Kisha akamtazama mgeni, akavua kofia taratibu. "Sasa huyu ndiye Vema?"

"Ndiye."

"Haki ya Mungu! Miaka yote hii nadhani Vema ni mwanaume mwenye masharubu."

"Na mimi nilidhani Duara ni pande la mtu," Vema alisema, "kumbe ni kipande."

Duara alicheka mpaka akashika kiuno. Walipewa benchi, wakamiminiwa chai. Binti alibaki ameegemea fremu ya mlango. Vema alishika kikombe kwa mikono miwili. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwa yamemwishia kama chaki kwenye mvua.

"Kaka," alianza, "nimekuja na neno moja tu, na nimelibeba muda mrefu."

Duara aliinua kiganja. "Dada yangu, ngoja. Mimi kwanza. Mwenye kosa ndiye hutangulia."

"Kosa gani?"

"La mia nne na kumi na mbili." Alivuta kiti karibu. "Safari ile kabla ya kuganda, lilinigomea. Saruji imening'inia ndani, haishuki. Nikapanda juu nifungue kifuniko cha nne niichokoe kwa ufito. Komeo likakaza. Nyundo ya mti iko chini, mimi mvivu wa kushuka. Nikachukua ya chuma."

"Ya chuma!" Vema alisahau chai.

"Ndiyo, hiyo tuliyokatazwa. Nikalipiga komeo likapinda. Nikalinyoosha kwa macho tu, nikasema litafunga, nikachora duara langu, nikalirudisha. Lilivyokuja tena na jiwe tumboni, nikakikuta cha nne kiko wazi. Nikasema basi, komeo langu halikushika, mvua imeingia. Siku tatu niko mle ndani na tindo. Mkuu wangu akiuliza, namwambia nasafisha." Alitikisa kichwa. "Nikaandika salama. Halafu nikakaa nangoja. Nilijua wewe ukilipanda tu utaliona komeo, na ukisema neno moja, sina kazi. Hukusema. Badala yake behewa lililofuata likaja na vema mbili."

Vema aliweka kikombe benchini.

"Nikaelewa," Duara aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Ya kwanza ni ya kazi. Ya pili ni kuniambia, nimeliona komeo, na nimekusamehe. Dada, nimesomesha watoto wanne kwa kazi hii. Kila nikiona vema mbili nilikuwa nasema kimoyomoyo, Mungu amweke mtu huyu. Asante. Sikujua nitaitoa lini, ndiyo hiyo. Asante sana."

 Birika lilinong'ona lenyewe kwenye jiko. Vema alitazama viganja vyake. Angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa anafurahi, keshokutwa anastaafu, na asante yake ilikuwa imetoka moyoni kabisa. Kwa nini aiharibu? Tena palikuwa na jambo jingine. Binti pale mlangoni alijua tu kwamba mtu fulani alimtendea mama yake wema kazini. Hakuwahi kuambiwa kwamba yote yalianzia kwenye kilio chake. Vema aliapa zamani kwamba mtoto hatabebeshwa mzigo ule, na kiapo chenyewe kilishakuwa mzigo wa pili.

Lakini alikuwa amekuja kushukuru, na mtu hawezi kushukuru kwa mdomo aliouziba. Akapiga moyo konde.

"Kaka, mimi siku ile komeo lako sikuliona."

"Hukuliona?"

"Sikuligusa hata. Kifuniko cha nne nilikiacha wazi. Wazi kabisa, kimelala mgongo. Nilishachora alama kabla sijafunga, ujanja wangu wa kijinga, kisha nikashuka kumnyonyesha mtoto. Treni ikaondoka." Maneno sasa yalikuwa yanashuka yenyewe. "Niliporudishiwa behewa nikaona alama za tindo, nikajua kuna mtu kaniokoa na hanijui. Zile vema mbili sikuwa nakusamehe, kaka. Nilikuwa nakushukuru. Ndilo neno lenyewe nililolileta."

Duara alimkazia macho, kisha akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtetemeka, na Vema akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka na kulia pamoja, akijipangusa kwa kofia.

"Kwa hiyo miaka yote hii tumeshukuriana bure?"

"Bure wapi!" Vema naye machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi sijapata tena kuacha kifuniko wazi."

"Na mimi nyundo ya chuma niliitupa shimoni."

"Kwa hiyo," binti alisema kutoka mlangoni, "aliyelia ni mimi?"

Vema aligeuka. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi, na pengine tangu miaka ishirini na tisa.

"Ni wewe, mwanangu."

Binti alifikiri kidogo. "Nililia sana?"

"Kama king'ora cha kiwanda."

"Basi, mzee," binti alimwambia Duara, "na mimi asante. Siku ile nilishiba."

Duara alisema ana kitu cha kuwaonyesha. Aliwatoa nje, akawarudisha hadi kwenye reli ya pembeni, mahali mabehewa ya zamani yalipopangwa kungoja kukatwa. Kila moja lilikuwa na msalaba mkubwa mwekundu ubavuni. Mia nne na kumi na mbili pekee lilikuwa halina.

"Nimeambiwa nichore yote kabla ya Ijumaa. Hili limenishinda. Kila nikilifikia, naona brashi inanidondoka mkononi."

Vema alikuwa ameinua uso. Vifuniko vyote sita vilikuwa wazi, vimelala mgongo juu ya paa.

"Nani ameviacha hivyo?"

"Nani atafunga, dada? Ndani hamna kitu. Jumatatu linakuwa vipande."

Vema alimpa binti mkoba. Akashika ngazi.

"Mama, magoti yako hayo!"

"Yako hapahapa, siendi bila hayo."

Alipanda polepole, akipumzika kila baada ya hatua mbili, na alipofika juu upepo ulimkuta na harufu ileile ya chuma na vumbi jepesi. Mbingu ilikuwa kavu, hata wingu la kusingizia halikuwapo. Alikifunga cha kwanza, akasukuma komeo. Cha pili, cha tatu. Akaruka kwenda cha tano na cha sita. Kisha akarudi kwenye cha nne na kupiga goti.

Komeo lilikuwa limepinda kweli. Kidogo tu, kama kidole kilichovunjika zamani kikaunga vibaya; miaka yote alilisukuma akidhani ni uzee tu wa chuma. Sasa alisukuma likakataa kwa kutu. Akasukuma tena. Binti hakungoja kuitwa. Alipanda, akaketi juu ya kifuniko kwa uzito wake wote, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa. Duara alikuwa amekwenda kibandani na kurudi. Akapanda ngazi hadi katikati, akainua nyundo ya mti juu ya kichwa mpaka mpini wake ukafika mkononi mwa Vema.

Alilipiga komeo mara moja. Likaingia.

Hakuamini. Kuna mambo ambayo mkono peke yake hauwezi kuyathibitisha.

"Kaka," aliita kutoka juu, "imefunga?"

Duara alishuka, akazunguka hadi usawa wa kifuniko cha nne. Akaugonga ubavu wa behewa kwa ngumi, akalaza sikio lake zima kwenye chuma, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu kuliko kazi hiyo inavyohitaji.

"Imefunga, dada."

Vema hakushuka mara moja. Alibaki amekaa pale juu, bega lake likigusana na la binti yake, akiingiza mkono mfukoni kutafuta kipande cha chaki.