Seva ya Baba Koku

Mzee Severine Rwehumbiza alikuwa na maneno, na hilo mtaa mzima wa Pasiansi, kando ya ziwa, ulilijua. Mwaka 1998, alipostaafu upimaji ardhi, alileta nyumbani kompyuta iliyokwisha kutumika, modemu, na maneno zaidi. Akaliondoa kabati la vyombo lililokuwa sebuleni, akaiweka mashine pale na kuiunga kwenye waya wa simu.

"Hii si kompyuta ya kuchapia tu," akamwambia jirani yake Ngosha. "Hii ni seva. Haizimwi. Kila jioni itapiga simu yenyewe Dar es Salaam, ichukue barua pepe za watoto wetu walioko ng'ambo, itutunzie humu humu."

Ngosha, Msukuma mwenye duka la saruji Mkuyuni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nshomile, msomi wetu! Yaani umefungua posta sebuleni?"

"Posta kuna foleni," akajibu Mzee Severine. "Kwangu hakuna."

Lakini chini ya majivuno hayo palikuwa na jambo lililomnyima raha. Binti yao wa pekee, Kokulinda, alikuwa masomoni Norwei, na yeye ndiye aliyemsukuma aende. Mkewe, Renatha, hakutaka. Siku ya kuagana Mzee alimwahidi mkewe mbele ya watu kwamba atapata habari za mtoto wake kila wiki. Miezi ikapita, ikaja barua moja tu, nayo imechakaa njiani. Renatha hakulalamika. Alinyamaza, na kunyamaza kwa Renatha ni adhabu, jamani, heri angegomba.

Basi Mzee akamtumia Kokulinda anwani ya seva, akaiwasha. Asubuhi ikaunguruma vizuri. Alasiri, kimya, imezimika! Kesho yake vilevile. Saa ya kupiga simu ikawa inaikuta maiti. Mzee akalaumu umeme. Akalaumu wadudu wa ziwa. Akalaumu waya, akaubadilisha. Ngosha naye akawa anapita kila jioni, anavua kofia mlangoni, anauliza, "Mgonjwa ameshindaje?"

Alasiri moja Mzee aliweka kiganja juu ya mashine, akakirudisha mbio. Loo, moto! Ndipo akakitazama kitambaa kilichoifunika. Sebule ile ilikuwa na vitambaa vya kufuma kama sebule yoyote ya watu wenye adabu: redio ina chake, viti vina vyao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza seva ifumiwe vazi zima, mbele na nyuma, vumbi lisiingie. Renatha alilifuma kwa siku nyingi, lenye mawaridi, na hajapata kufuma kitambaa kizuri kama kile. Kukivua kimyakimya kungekuwa tusi. Kusema ukweli, sasa, hiyo ndiyo dawa chungu! Lakini mficha uchi hazai.

"Mama Koku," akaita, macho sakafuni. "Umeme hauna kosa. Kosa ni langu. Nimeivika mashine nguo mpaka imekosa pumzi."

Renatha akamtazama. Tangu waoane hajasikia "kosa" na "langu" yakikaa pamoja kinywani mwa mume huyu. Akakivua kitambaa mwenyewe, akakikung'uta, akakikunja.

"Pole, Baba Koku," akasema. "Angalau ilikufa imependeza."

Jioni ile modemu ikapiga kelele zake, na barua ikaingia. Ngosha alikuwepo, angekosaje? Mzee akavaa miwani, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya mimbarini:

"Baba, shikamoo. Hongera kwa seva. Sasa naomba uinuke, umpishe mama asome mwenyewe. Wewe ukisoma utaruka mengine na kuongeza ya kwako."

Ngosha akaangukia kochi kwa kicheko. Mzee akainuka, angefanyaje? Renatha akakaa, akasogeza uso karibu na kioo. Akasoma polepole, mara akacheka peke yake, mara akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, mara "Ee, mwanangu!" Mzee alisimama nyuma yake akinyoosha shingo. Renatha akasogeza bega, akamziba.

Uvumilivu ukamwishia. "Anasemaje?"

"Anakusalimia," akasema Renatha, akaendelea kusoma.