Mfuko Mmoja kwa Siku

Shuleni kwetu Lieksa, Finland, vita dhidi ya presha nilivianzisha mimi, na hakuna aliyeniomba. Walimu wawili walikuwa wameanguka mwaka mmoja, nikaingiwa na hofu. Nikanunua mashine, na kila Jumatatu nikawa nawapima wenzangu. Chumvi niliitoa kabatini, soseji nikazipiga marufuku.

Tauno, mwalimu wa hesabu, presha yake ilikuwa juu kidogo tu.

"Kiko nimeacha, kahawa nimeacha," akanilalamikia. "Sasa na mdomo nifunge, Raili?"

"Wako haujawahi kufungika, mzee!"

Nikampa mfuko wa salmiakki, zile pipi zetu nyeusi za mzizi wa susi. Tumekua nazo mdomoni, nani angeziogopa? Nikawa namwekea mfuko mezani kila asubuhi, huku nikijiona mjanja.

Presha ikapanda. Mia na sitini. Mia na themanini.

"Unakula soseji kwa siri," nikamwambia mbele ya watu.

"Haki ya Mungu sijagusa!"

"Mashine haidanganyi, bwana. Muongo ni wewe."

Nilipaswa kumpeleka kwa daktari. Sikumpeleka, nilitaka kwanza akiri. Nikampigia simu Hilkka, mkewe, naye akaanza kumpekua mifuko na kumnusa mdomo. Jumatatu iliyofuata Tauno hakuja kupimwa. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema, na wenzangu wakacheka.

Alhamisi akaanguka mbele ya darasa la nane.

Hospitalini daktari alinikuta ukumbini. "Potasiamu imemwishia mwilini. Anakula salmiakki?"

"Nani asiyekula?"

"Yeye kiasi gani?"

"Mfuko kwa siku."

Daktari akashusha pumzi. "Susi inapandisha presha, mwalimu. Kwa kiasi hicho ni sumu."

Niliingia chumbani. Tauno alikuwa amepooza upande mzima na maneno hayamtoki. Hilkka alikuwa akimfuta mate huku akilia kwa hasira.

"Ungeniambia ukweli tu, Tauno. Soseji tu, mume wangu! Ningepiga kelele, yakaisha."

Tauno alitikisa kichwa. Akatikisa tena.

"Hilkka," nikasema, "hakukudanganya. Ni zile pipi, na nilimpa mimi."

Hakunitazama. Alimwinamia mumewe akamwomba msamaha, mara tatu, na Tauno hakuweza kumjibu.